Ukoka uliokufa huku ukimwagiliwa: kisa cha uwanja mmoja wa Malindi

Uwanja ninaouandikia uko Malindi, upande wa kusini wa mji, kama mita 300 kutoka ufukweni. Una mita za mraba 400 hivi, umezungukwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, upande mmoja pamesimama mwarobaini mkubwa, na karibu na jiko la uani pana kisima cha zamani kilichochimbwa na babu wa familia. Sehemu yote inayopigwa na jua ni ukoka wa kienyeji, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Cynodon dactylon, na chini ya mwarobaini ni nyasi za Pemba, zenye jani pana, ambazo kwa jina la kitaalamu ni Stenotaphrum dimidiatum. Zote mbili huota zenyewe katika pwani hii. Nalitaja hilo mapema kwa sababu nyasi iliyozoea mahali huishi kwa majira ya mahali hapo, na uwanja huu uliharibiwa na watu walioupenda sana, waliotaka uwe katika mwezi wa Machi kama ulivyo katika mwezi wa Juni.

Niliitwa katika wiki ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka 2022, mwanzoni mwa Aprili. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu ambaye amefundisha nusu ya mtaa ule, nami nikiwa mmoja wao. Nilipomwamkia aliitika kwa sauti ya unyonge, akanishika mkono hadi katikati ya uwanja, akasema, "Nimeumwagilia kila siku, mwanangu, hata siku moja sikuruka. Sasa umekufaje?" Swali hilo ndilo lililoongoza kazi yote iliyofuata, kwa maana jibu lake lilikuwa ndani ya maneno yake mwenyewe, na ilinichukua siku mbili kupata njia ya kumwambia bila kumwongezea huzuni.

Kwanza nieleze uwanja huo ulivyokuwa kabla ya mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka 20 familia ile haikuwa na ratiba ya kuutunza, isipokuwa kijana wa kuufyeka na ndoo mbili tatu za maji kwenye ukingo wa baraza. Mvua za masika zilipoanza, mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, ukoka ulichipua katika muda wa siku kumi hivi. Mei na Juni ulijaa. Katika kusi, manyunyu ya mchoo ya Julai na Agosti yaliuweka ukiwa kijani bila taabu. Demani ulianza kufifia. Vuli ya Oktoba na Novemba ikaurudishia rangi kidogo. Na kuanzia Januari, kaskazi iliposhika, yaani upepo mkavu wa kaskazini-mashariki, uligeuka rangi ya mkeka mkuukuu na kubaki hivyo hadi masika. Hakuna aliyeuhesabu umanjano huo kuwa ugonjwa. Ulikuwa ni usingizi, na ukoka una haki ya kulala, kwa kuwa uhai wake wa wakati huo hauko kwenye majani bali kwenye vijishina vyeupe vinavyotambaa chini ya mchanga vikiwa na akiba ya chakula.

Mwaka huo mambo mawili yalikutana. Vuli ya mwaka 2021 ilikuwa haba sana, katika ukame ambao serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kuutangaza kuwa janga la taifa mwezi Septemba, hivyo ukoka uliingia kaskazi ukiwa umedhoofika. Na harusi ya binti mkubwa wa nyumba ilipangwa Shaabani, ambayo mwaka huo iliangukia Machi, kipindi ambacho kaskazi inakwisha na mvua bado haijafika, wakati ambao ardhi ya Malindi huwa kavu kuliko wakati wowote mwingine. Wakwe walikuwa wanatoka Lamu kwa wingi. Mama wa harusi hakutaka wageni wake wakanyage majani makavu, na sidhani yupo mtu wa pwani atakayemlaumu kwa hilo.

Mwezi wa Januari mwanawe alinunua pampu ya umeme, akaiweka kwenye kisima ambacho tangu kuchimbwa kwake kilitekwa kwa ndoo na kamba, na kila siku alasiri uwanja ukawa unanyunyiziwa kwa mpira. Hapa sina budi kukiri sehemu yangu. Nilikutana naye mwezi wa Desemba, akaniuliza kama ukoka unapenda maji, nami nikamjibu kwamba unayapenda, bila kumuuliza anakusudia kuyatoa wapi wala kuyamwaga kwa kiasi gani. Lilikuwa jibu la haraka kwa swali lililohitaji kutembelewa, na limenisumbua kila nilipousimamia uwanja ule.

Februari majani yalipoanza kuungua ncha, mtu mmoja aliwashauri watie urea, nao wakaitia kwa kukadiria kwa mikono, mara mbili katika mwezi mmoja. Wiki moja kabla ya harusi aliletwa mtu wa mashine, akakata chini kabisa, hadi mchanga ukaonekana baina ya mashina, ili mikeka na mazulia yakae vizuri. Turubai lilisimamishwa kwa siku tatu. Masufuria ya pilau yalipikiwa kwa kuni juu ya nyasi, karibu na kisima, na sehemu ya wanawake, palipochezwa vugo, ilikanyagwa usiku kucha. Siku chache baada ya turubai kushushwa uwanja ulikuwa wa kahawia, na nilipofika mimi, kulikuwa na mabaka yaliyo wazi kabisa, yenye ukoko mweupe juu ya mchanga.

Ukoko huo mweupe ndio ulionifanya niache kutazama majani na kwenda kisimani. Niliteka ndoo moja asubuhi, kabla pampu haijaguswa, nikaonja: maji yalikuwa na uchumvi kidogo tu, kama yalivyo katika visima vingi vya mtaa ule. Kisha nikaomba pampu iwashwe kwa saa moja, kama ilivyokuwa desturi yao, nikaonja tena maji ya mwisho. Yalikuwa maji ya chumvi, si ya mtu kunywa. Shangazi mmoja wa nyumba hiyo, aliyekuwa akituangalia kutoka jikoni, alisema kwamba tangu mwezi wa Februari sabuni ilikuwa haitoi povu na chai ilikuwa na ladha isiyoeleweka, lakini kila mtu alidhani ni shida ya majani ya chai. Laiti angeulizwa yeye mapema, maana watu wa jikoni huyajua maji kuliko sisi wenye vyombo vya kupimia.

Sababu ya kugeuka kwa maji hayo inafaa kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Malindi, na wa Lamu pia, wananunua pampu bila kuijua. Chini ya mchanga na matumbawe yetu, maji matamu ya mvua hayana bakuli la mwamba wa kuyashika. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya nchi kavu, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Hesabu ambayo wataalamu wa maji ya ardhini huitumia ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji matamu chini yake. Hesabu hiyo hufanya kazi kwa upande wa pili vilevile: ukiyashusha maji ya kisima kwa sentimita 10 na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, chumvi iliyo chini itakuwa inapanda kwa kiasi cha mita 4. Mtu wa ndoo huteka kidogo, akapumzika, na kisima kikajirudi. Pampu haipumziki. Tena waliiendesha katika majira ya kaskazi, ndani ya miezi ambayo mvua haingii ardhini kabisa kujaza kinachotolewa.

Baada ya hapo hesabu ya chumvi iliyomwagwa ni rahisi, na niliifanya mbele ya mwalimu kwenye karatasi kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu na hakutaka kuambiwa jambo asilolihakiki. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Wao walinyunyizia kama milimita 5 kila siku, kwa siku 60, ambazo ni lita 300 kwa kila mita ya mraba. Tukichukulia kwamba kila lita ilikuwa na gramu 3 tu za chumvi, ambacho ni kiasi kidogo ukikumbuka kwamba bahari yenyewe ina gramu kama 35 kwa lita, basi kila mita ya mraba ilipokea gramu 900. Jua na upepo wa kaskazi viliyachukua maji, na chumvi yote ikabaki. Mwalimu aliitazama ile tarakimu kwa muda mrefu, akasema, "Karibu kilo nzima. Nimeuzika kwa mkono wangu."

Nilimwambia kwamba bado hatujazika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuchimba. Nilikata vipande sita vya udongo kwa sepeto, kila kimoja cha upana wa kiganja na kina cha sentimita 20, kutoka pande mbalimbali za uwanja, na hivyo vipande ndivyo vilivyonipa sehemu nyingine ya jibu. Mizizi yote mipya ilikuwa imekusanyika katika sentimita 4 za juu, na chini ya hapo mchanga ulikuwa mkavu kama unga. Umwagiliaji mdogo wa kila siku uliulowesha ngozi tu ya ardhi, ukaufundisha ukoka kunywa juu juu, pale pale ambapo chumvi ilikuwa inarundikana. Lakini chini zaidi, katika vipande vinne kati ya sita, kulikuwa na vijishina vya zamani, vigumu, ambavyo nilipovivunja vilikuwa vyeupe na vyenye unyevu ndani. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko kingine chochote: kijishina cheupe na kigumu ni hai, na kilicho cha kahawia na chenye uwazi ndani kimekwisha.

Chini ya mwarobaini hali ilikuwa tofauti na ya kusikitisha zaidi. Nyasi za Pemba hutambaa juu ya ardhi tu, hazina mashina ya akiba chini ya udongo, na kwa hiyo mashine iliyokata chini kabisa iliondoa nyasi yenyewe, si majani yake. Nyasi hizo hustahimili kivuli na hata rasharasha ya maji ya bahari, na ndiyo maana mtu wa kwanza aliyezipanda pale alichagua vizuri, ila zinataka kuachwa na urefu wa sentimita 5 au zaidi. Ukoka unaweza kukatwa hadi sentimita 3 wakati wa mvua na ukasimama tena. Mtu wa mashine aliweka kimo kimoja kwa uwanja wote.

Kuhusu urea, sitaandika mengi. Kiswahili chetu huiita mbolea ya namna hiyo mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo ni la haki. Kuimwaga juu ya ardhi ambayo tayari ina chumvi na haina mvua ya kuishusha ni kuongeza kiu ya mmea ulio na kiu.

Kabla sijafika, familia ilikuwa imepokea ushauri wa aina tatu, na nauandika kwa sababu kila mmoja ungegharimu fedha nyingi na kuongeza uharibifu. Wa kwanza ulikuwa kwamba ni mchwa, na kwamba uwanja utiwe dawa. Mchwa walikuwapo kweli, chini ya majani makavu, lakini walikuwa wamefuata kile kilichokwisha kukauka. Mahali palipokuwa na vijishina hai hawakuonekana. Wa pili ulikuwa kutia chokaa. Nilichukua ndimu jikoni, nikaikamulia kwenye kiganja cha mchanga wa pale, mchanga ukatoa povu, na hilo lilitosha kuonyesha kwamba ardhi hiyo imejaa chokaa ya matumbawe na kuiongezea nyingine ni kuinyima nyasi madini ya chuma. Kwa sababu hiyo hiyo niliwakataza kumwaga majivu ya jikoni, ingawa ni desturi ya nyumba nyingi. Wa tatu ulikuwa kung'oa kila kitu na kupanda nyasi za Kikuyu zilizoonekana nzuri sana katika nyumba ya jamaa wa Nairobi. Nyasi hizo ni nzuri kwao: asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, penye baridi ya usiku. Katika joto la Malindi, kwenye usawa wa bahari, zingedai kila siku yale maji ambayo tulikuwa tumeona hayapo.

Tiba ilianza kwa kuacha. Kisima kilipumzishwa wiki tatu, kikitekwa kwa ndoo tu kwa matumizi ya nyumbani, na uwanja haukupewa tone. Hili lilikuwa gumu kwa mwalimu kuliko kazi zote zilizofuata. Alikuwa amezoea kutoka baada ya alasiri na mpira mkononi, na mara mbili alinipigia simu kabla ya kufuturu kuniuliza kama nina hakika. Alitaka pia kununua maji matamu ya boza, yaani lori la tangi, yale yanayotokana na bomba la Baricho kwenye Mto Sabaki, aoshe chumvi mara moja. Tukarudi kwenye karatasi. Ili kuisukuma chumvi nyingi itoke katika sentimita 15 za juu, ambako ndiko tulitaka mizizi ikae, yanahitajika maji ya kimo kinachokaribia hicho hicho cha sentimita 15. Kwa mita za mraba 400 hizo ni lita 60,000, yaani maboza sita ya lita 10,000, na hapo nyasi bado haijanyweshwa ya kuishi. Masika huleta maji hayo bure, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote katika mji wetu. Tulichonunua ni boza moja dogo tu, kwa ajili ya vipande vya karibu na baraza vilivyokuwa na ukoko mzito zaidi, na hata hilo lilikuwa zaidi kwa ajili ya moyo wake kuliko kwa ajili ya ukoka.

Kazi ya mikono tuliifanya wakati tukisubiri mvua, asubuhi na mapema kwa kuwa wote tulikuwa tumefunga. Ukoko wa juu ulikwanguliwa kwa reki na kutolewa nje kwa toroli. Sehemu iliyochezewa vugo ilichomwa kwa uma wa bustani, kila baada ya kiganja kimoja, hadi meno yakazama yote, ili mvua itakapokuja ipate njia ya kushuka badala ya kutuama. Ndago, ambazo umwagiliaji wa kila siku ulikuwa umezinenepesha, zilichimbwa moja moja pamoja na vijiazi vyake vyeusi, kwa maana ukivuta jani tu vijiazi hubaki chini vikiwa vimefungamana kama tasbihi na kuchipua upya. Kijana aliyetusaidia alitoa karai mbili za vijiazi kutoka sehemu isiyozidi ukubwa wa chumba.

Mvua za Mei zilipokwisha kunyesha mara kadhaa na kushuka, nilichimba tena, nikakuta unyevu hadi mwisho wa sepeto na machipukizi meupe yaliyochongoka yakielekea juu. Hapo ndipo tulipotandaza samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga wa mtoni, unene wa sentimita moja, ambao kwa uwanja wote ni mita 4 za ujazo. Nasisitiza mchanga wa mtoni, kwa kuwa mchanga wa ufukweni ni wa karibu na ni wa bure lakini una chumvi ile ile tuliyokuwa tunaifukuza. Vivyo hivyo kwa mwani unaotupwa pwani wakati wa kusi: ni mbolea njema baada ya kuachwa ulowe mvua ya kutosha, si siku ile unapookotwa.

Mabaka yaliyokufa kabisa tuliyapanda vipande vya ukoka vilivyong'olewa kwenye kingo za uwanja huo huo, urefu wa kiganja, nafasi ya sentimita 20, theluthi mbili ya kila kipande ikiwa chini ya udongo. Nilikataa kuchukua vipande kutoka mahali pengine, kwa sababu vilivyobaki vimekwisha kuthibitisha kwamba vinaiweza chumvi ya kisima kile. Nyasi za Pemba tulipewa na jirani, gunia moja, naye akakataa malipo.

Mbolea ya dukani haikugusa uwanja hadi mwisho wa Juni, wakati ukoka ulikuwa umekwisha kukatwa mara tatu. Nilichagua salfeti ya amonia badala ya urea, kwa kuwa hiyo huelekea kuipunguza ile hali ya chokaa kidogo kidogo, na nilitaka gramu 2.5 tu za naitrojeni kwa mita ya mraba. Salfeti ya amonia ina naitrojeni asilimia 21, kwa hiyo uwanja wote ulichukua chini kidogo ya kilo 5, zilizotawanywa siku yenye mawingu ya mchoo na kufuatiwa na manyunyu usiku. Mchanga haushiki chakula. Kiasi kidogo kinachorudiwa baada ya wiki sita hufaa kuliko kingi cha mara moja, ambacho masika huteremsha hadi kisimani, katika maji wanayonywa watu.

Mwezi wa Julai kulitokea hofu ndogo: majani machanga yalianza kuwa ya manjano. Jirani alisema ni njaa ya mbolea. Lakini njaa ya naitrojeni huanzia kwenye majani ya zamani, yaliyo chini, ilhali hapa ya chini yalikuwa kijani na machanga ndiyo yaliyofifia baina ya mishipa yake. Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, ugonjwa wa kawaida wa ardhi ya matumbawe. Tulinyunyizia salfeti ya chuma iliyoyeyushwa ndani ya maji matamu, jioni, na baada ya wiki moja rangi ilirudi.

Kuhusu ukataji tulikubaliana kwamba hautafuata kalenda ya kijana bali mwendo wa nyasi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na majani yaliyokatwa yaachwe pale pale yaoze. Katika masika hilo lilimaanisha kila wiki, kwa kimo cha sentimita 3 hadi 4. Katika mchoo kila siku kumi. Na kuanzia demani kimo kiliinuliwa hadi sentimita 6, ili majani yenyewe yaitie ardhi kivuli na mizizi ifuate unyevu kwenda chini kabla ya jua la Januari. Mbolea ya mwisho ilitiwa vuli ilipoanza. Baada ya hapo hakukutiwa kitu.

Kisha ikaja kaskazi ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwa mtihani wa kweli, na mtihani huo ulikuwa wa mwenye nyumba. Uwanja ulianza kupauka katika wiki ya pili ya Januari 2023. Tulikuwa tumepatana kwamba utapewa maji mara moja kila baada ya siku 14, alfajiri, milimita 10, yakitekwa kwa vipindi vifupi vya pampu vyenye mapumziko marefu baina yake, na kila mara shangazi ayajaribu kwa sabuni kwanza. Povu lisipotoka, maji hayamwagwi. Kiasi hicho hakiufanyi ukoka kuwa kijani na hakikukusudiwa hivyo. Ni cha kuviweka hai vijishina vya chini. Kwa nyasi za Pemba zilizo kivulini, ambazo hazina akiba hiyo, tulitoa maradufu. Mwalimu aliniambia kwamba wageni walimuuliza mwezi wa Februari kwa nini ameuacha uwanja wake ufe, naye akawajibu kwamba umelala na kwamba wasiupigie kelele. Nilimsikia akilisema hilo mbele yangu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia darasani.

Mvua ilipofika, ukoka uliamka wenyewe bila kuongozwa, pamoja na mabaka tuliyoyapanda. Sehemu moja tu haijarudi hadi leo, ile ya karibu na kisima iliyowekwa mafiga ya pilau. Moto wa kuni wa siku tatu uliunguza vijishina hadi chini na kuacha majivu mengi, na naona pale pafaa kuwekwa mawe ya kukanyagia badala ya kulazimishwa nyasi.

Binti wa pili aliolewa Mfunguo Tatu ya mwaka huo huo, mwezi wa Julai. Familia iliitafuta tarehe hiyo kwa sababu zake nyingi, na moja kati ya hizo, kwa maneno ya mama mtu, ilikuwa ukoka. Kijana aliukata siku nne kabla, kwa sentimita 5. Turubai lilisimama usiku mmoja, mazulia yalikunjwa kabla ya adhuhuri, na masufuria ya pilau yalipikiwa nje ya ukuta, kichochoroni, ambako moshi uliwasumbua wapishi kiasi lakini hakukuwa na nyasi ya kuungua.